Njia ya gari kuingia nyumbani: Kibali kwanza, zege baadaye

KATIKA ujenzi wa nyumba mijini, njia ya gari ndiyo hufikiriwa mwisho. Msingi umekwisha, paa limeezekwa na geti la chuma limesimama. Ndipo fundi huambiwa amwage kifusi juu ya mtaro ili gari liweze kuingia. Kazi hiyo ya nusu siku, ambayo wengi huiona kuwa ya ndani ya nyumba, hufanyika katika ardhi isiyo ya mwenye nyumba na juu ya mfereji unaohudumia mtaa mzima.

Hapo ndipo migogoro mingi huanzia. Mvua za masika zikifika, maji yaliyokuwa yakipita mtaroni hukosa njia na kuingia kwa jirani. Barabara ikipanuliwa, zege lililogharimu fedha nyingi huvunjwa na aliyelimwaga hukuta hana cha kudai. Wakati mwingine geti hufunguliwa mahali penye kona, na kila asubuhi familia hutoka nyumbani bila kuona gari linalokuja.

Kwa Tanzania Bara, jambo hili linaongozwa na Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007, pamoja na Kanuni za Usimamizi wa Barabara za mwaka 2009 zilizotungwa chini yake. Msingi wake ni mmoja: hifadhi ya barabara iko mikononi mwa mamlaka inayoisimamia barabara hiyo, na yeyote anayetaka kujenga kitu ndani yake hana budi kupata idhini kwanza. Njia ya kuingilia nyumbani, hata iwe na upana wa mita tatu tu, imo katika sharti hilo.

Ardhi iliyo kati ya geti na lami

Kosa la kwanza la wajenzi wengi ni kudhani kwamba barabara huishia pale lami inapoishia. Kisheria, barabara ni pamoja na mabega yake, mitaro yake, njia za waenda kwa miguu na ukanda wa ardhi ulioachwa kila upande kwa ajili ya matengenezo, huduma za umma na upanuzi wa baadaye. Ukanda huo ndio hifadhi ya barabara.

Kwa barabara kuu na barabara za mikoa, sheria ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Hesabu yake ni nyepesi, lakini huwashangaza wengi. Barabara yenye lami ya upana wa mita 7 ina mita 3.5 za lami kila upande wa mstari wa katikati. Kwa hiyo, mtu akisimama ukingoni mwa lami, mbele yake bado kuna mita 26.5 za hifadhi kabla ya kufika katika kiwanja kinachoweza kuwa cha mtu binafsi.

Badiliko hilo la mwaka 2007 ndilo lililozaa alama za X za rangi mbili ambazo wakazi wa kando ya barabara kuu wanazifahamu vyema. X nyekundu iliwekwa kwa majengo yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya zamani, mita 22.5 kutoka katikati, ambayo wenyewe walihesabiwa kuwa wavamizi wasiostahili fidia. X ya kijani iliwekwa kwa waliokuwa nje ya mpaka wa zamani lakini wakajikuta ndani ya mpaka mpya, ambao walitambuliwa kuwa na haki ya fidia eneo lao litakapohitajika.

Zipo pia sehemu ambazo hifadhi yake ilikuwa pana kuliko kawaida. Mwaka 2017, majengo mengi yaliyokuwa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, yalibomolewa kupisha upanuzi wa barabara hiyo. Huko hifadhi ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande. Baadaye kipande cha Kimara hadi Kibaha, chenye urefu wa kilomita 19.2, kilijengwa kwa njia nane.

Kwa mitaa ya ndani hali ni tofauti. Upana wa barabara katika eneo lililopimwa huonekana katika ramani ya mipango miji iliyoidhinishwa, na mpaka wa kiwanja huonyeshwa na mawe ya upimaji. Mwenye kiwanja anayetaka kujua mpaka wake asitegemee ukuta wa jirani, kwa kuwa jirani naye huenda alikosea. Mpaka hupimwa kutoka katika jiwe, si kutoka katika ukuta.

Mlango wa kubisha ni upi?

Mwombaji hupoteza muda mwingi akienda katika ofisi isiyohusika. Barabara za umma Tanzania Bara zimegawanywa kati ya wakala mbili.

Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ulioanza kazi Julai 2000, husimamia barabara kuu zinazounganisha mikoa na nchi jirani, pamoja na barabara za mikoa. Barabara ya Morogoro na Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam ni miongoni mwake. Ombi la kuunganisha njia na barabara ya aina hiyo hupelekwa kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa.

Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ulianzishwa mwaka 2017, chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), na kupewa barabara za wilaya, zikiwamo barabara za mitaa ya mijini ambazo awali zilikuwa chini ya halmashauri. Ombi la barabara hizo hupelekwa kwa Meneja wa TARURA wa wilaya. Wajenzi wa zamani waliozoea kwenda kwa mhandisi wa manispaa wakumbuke kwamba jukumu hilo lilihama.

Halmashauri hata hivyo haijatoka katika safari hii. Ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi wa nyumba yenyewe, na mchoro wa nyumba unaopelekwa huko huonyesha mahali geti litakapokuwa. Kibali cha ujenzi si kibali cha kuingia barabarani. Mwenye nyumba mwenye karatasi ya halmashauri pekee, aliyevuka mtaro bila idhini ya wakala, amekamilisha nusu tu ya anachotakiwa.

Ikiwa mhusika hajui barabara yake iko chini ya nani, njia rahisi ni kuuliza ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kuthibitisha katika ofisi ya wakala yenyewe. Aidha, vigingi vya hifadhi vilivyosimikwa kandokando ya barabara kuu ni dalili ya kutosha kwamba ardhi iliyo ndani yake haiguswi bila idhini.

Ombi linavyoandaliwa

Ombi hufanywa kwa maandishi. Barua inataja jina la mwombaji, namba ya kiwanja na kitalu, mtaa na kata, jina la barabara na upande wa barabara ambao kiwanja kipo. Inaeleza pia matumizi ya njia: kama ni ya nyumba ya familia moja, nyumba za kupanga, au makazi yenye duka mbele. Maelezo hayo yana uzito, kwa sababu idadi na aina ya magari yatakayopita ndiyo huamua upana wa njia na uimara wa kalavati.

Viambatisho vinavyomsaidia mwombaji ni nakala ya hati miliki au uthibitisho mwingine wa umiliki, ramani ya upimaji wa kiwanja, kibali cha ujenzi kama kimekwisha kutolewa, na mchoro wa njia yenyewe. Mchoro si lazima uwe wa kupendeza, lakini lazima uwe na vipimo. Unatakiwa kuonyesha katikati ya barabara, ukingo wa lami, mtaro, mpaka wa kiwanja, geti, upana wa njia, na umbali wa geti kutoka katika makutano ya barabara yaliyo karibu. Uonyeshe pia nguzo za umeme, mabomba ya maji na nyaya za simu zilizopo mahali hapo.

Baada ya ombi kupokelewa, mtaalamu wa wakala hufika kukagua eneo. Ni vyema mwenye kiwanja au mwakilishi wake awepo siku hiyo, kwa kuwa mabadiliko madogo, kama kusogeza geti mita chache, hukubaliwa kwa urahisi zaidi papo hapo kuliko kwa barua zinazokwenda na kurudi. Ndiyo maana pia ombi linafaa kupelekwa kabla ukuta haujajengwa. Geti lililo katika karatasi husogezwa kwa kalamu, wakati geti lililokwisha kujengwa husogezwa kwa nyundo na fedha mpya.

Ada na malipo yoyote ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na mlipaji hupata stakabadhi. Mwombaji anayeambiwa alipe mkononi ili kazi iharakishwe aelewe kwamba analipia kitu kisichokuwa na kumbukumbu, na ambacho hakitamtetea siku ya ukaguzi.

Mkaguzi anatazama nini?

Jambo la kwanza ni kuonekana. Dereva anayetoka nyumbani lazima aone gari linalokuja kutoka pande zote mbili, na yule anayekuja lazima amwone mapema kiasi cha kuweza kusimama.

Katika maeneo ya makazi, mwendo unaoruhusiwa Tanzania ni kilomita 50 kwa saa. Gari lililo katika mwendo huo husafiri takriban mita 14 kila sekunde. Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba dereva hutumia sekunde 2.5 kutambua hatari na kukanyaga breki. Katika muda huo gari limekwisha kwenda karibu mita 35 bila kupunguza mwendo. Likijumlishwa na umbali wa kusimama, linahitaji mita 65 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, umbali huo hufikia takriban mita 130.

Kwa sababu hiyo, geti lililo karibu na kona, juu ya kilima, kando ya daraja, katika kituo cha daladala au mbele ya kivuko cha waenda kwa miguu huwa na nafasi ndogo ya kukubaliwa. Ikiwa kiwanja kimepakana na barabara mbili, mkaguzi kwa kawaida atapendelea njia itokee kwenye barabara ndogo. Mwenye kiwanja huweza kuliona hilo kama kunyimwa haki ya mbele ya nyumba yake, lakini wa kwanza kunufaika ni yeye na watoto wake wanaotoka hapo kila siku.

Jambo la pili ni nafasi ya kusubiri. Gari dogo la kawaida lina urefu wa mita 4.5 hivi. Likisimama nje kusubiri geti lifunguliwe, mkia wake haupaswi kubaki barabarani. Geti hurudishwa ndani ili kuwe na mita tano au sita kati yake na ukingo wa barabara, na milango yake hufunguka kuelekea ndani ya kiwanja. Geti linalofunguka nje humziba mwenda kwa miguu na kumsukuma barabarani.

Jambo la tatu ni namna gari linavyoingia na kutoka. Njia inapokutana na barabara kwa pembe mraba, dereva huona pande zote mbili bila kujipinda. Kwa gari moja, upana wa mita tatu hadi 3.5 hutosha, kwa magari yanayopishana, mita tano au sita. Njia pana kupita kiasi haiongezi usalama, kwani hukata mtaro mrefu na kuwaacha waenda kwa miguu bila mahali pa kujihifadhi. Nyumba iliyo kando ya barabara yenye magari mengi inafaa pia iwe na nafasi ya kugeuzia gari ndani ya ua, ili lisitoke kinyumenyume.

Mtaro ndio kiini

Mambo hayo matatu yakikamilika, linabaki lile linalovunja ujirani mara nyingi zaidi: maji. Njia ya gari karibu kila mara hupita juu ya mtaro, na namna inavyouvuka ndiyo tofauti kati ya njia inayodumu na njia inayoleta mashtaka katika ofisi ya serikali ya mtaa.

Kujaza kifusi ni kuua mtaro. Kuweka bomba dogo ni kuuchelewesha kufa. Wengi huchagua bomba la kipenyo cha milimita 300 kwa sababu ya bei, wakiamini kwamba bomba la milimita 600 ni kubwa mara mbili tu. Ukweli ni kwamba bomba la milimita 600 lina uwazi mara nne ya lile la milimita 300, na likiwa katika mwinamo uleule huweza kupitisha maji zaidi ya mara sita. Zaidi ya hayo, bomba dogo likizibwa na mchanga na chupa za plastiki, ni vigumu kulisafisha. Mtu hawezi kupitisha koleo, na mvua inayofuata hukuta kizuizi kilekile.

Kanuni rahisi ni kwamba kalavati la mwenye nyumba lisiwe dogo kuliko kalavati lililo juu yake katika mtaro huohuo. Maji yaliyopita kwa jirani wa juu lazima yapite na kwake. Sehemu ya chini ya bomba ilingane na sakafu ya mtaro. Ikiwekwa juu zaidi, maji hutuama na kuzalisha mbu, na ikiwekwa chini zaidi, hujaa mchanga. Pande zote mbili za bomba hujengewa kuta ndogo za mawe au zege ili udongo wa njia usimomonyoke na kuangukia mtaroni.

Pale mtaro ulipojengwa kwa mawe au zege, kama ilivyo katika mitaa mingi iliyowekwa lami, suluhisho mara nyingi huwa ni mifuniko ya zege yenye nondo inayowekwa juu ya kuta za mtaro. Mifuniko hiyo itengenezwe vipande vipande vinavyoweza kunyanyuliwa. Zege lililomwagwa kwa mkupuo mmoja hufunga mtaro daima, na siku utakapoziba hapatakuwa na njia ya kuusafisha ila kuvunja.

Mteremko wa njia nao una kanuni yake. Kiwanja kikiwa juu ya barabara, maji ya uani yasielekezwe kwenye lami. Yakamatwe getini kwa mfereji mdogo wenye wavu wa chuma na kupelekwa mtaroni. Maji yanayotiririka juu ya lami hubeba mchanga, hufanya barabara iteleze na hula ukingo wa lami kidogo kidogo hadi shimo litokee. Kiwanja kikiwa chini ya barabara, njia iinuke kidogo karibu na ukingo kabla ya kuanza kushuka, la sivyo maji ya barabara yote yatamfuata mwenye nyumba hadi sebuleni.

Mafuriko makubwa, kama yale ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, huwa na sababu kubwa zaidi, zikiwamo mvua nyingi kupita kiasi na makazi ya mabondeni. Lakini yale mafuriko madogo ya kila masika, ya maji kuingia katika nyumba tatu au nne za mtaa mmoja, mara nyingi yakifuatwa mkondo wake hukutwa yameanzia katika njia moja ya gari iliyojengwa bila kuuliza.

Siku ya kazi

Kibali kikitoka, huja na masharti: vipimo vya njia, ukubwa wa kalavati, aina ya tabaka la juu na muda wa kukamilisha kazi. Mwenye nyumba ampe fundi nakala ya masharti hayo, wala asimsimulie tu kwa mdomo. Fundi aliyezoea kujenga kwa macho atajenga alivyozoea, na mwenye kibali ndiye atakayejibu.

Kabla ya kuchimba, ni lazima kuuliza mamlaka ya maji, shirika la umeme na kampuni za mawasiliano kama kuna mabomba au nyaya chini ya ardhi. Bomba la maji likikatwa, mtaa mzima hukauka na gharama humrudia aliyechimba. Wakati wa kazi, waenda kwa miguu waachiwe mahali pa kupita, alama za tahadhari ziwekwe, na udongo au kokoto zisirundikwe barabarani. Shimo halifai kuachwa wazi usiku bila kizuizi.

Lami ya barabara isikatwe bila ruhusa ya wazi. Njia ianzie ukingoni mwa lami na iwe ya tabaka gumu, kama zege, lami au matofali ya saruji, angalau katika sehemu iliyo ndani ya hifadhi. Njia ya udongo hubebwa na matairi hadi barabarani na kugeuka tope mvua ikinyesha. Pale palipo na njia ya waenda kwa miguu, njia ya gari ndiyo ifuate kimo chake. Mama mwenye mtoto mgongoni au mtu mwenye kiti cha magurudumu hapaswi kupanda na kushuka kila anapofika kwenye geti la mtu.

Kazi ikikamilika, mwenye nyumba aombe ukaguzi wa mwisho na kuhifadhi uthibitisho wake pamoja na hati ya nyumba. Picha chache zinazoonyesha bomba kabla ya kufunikwa huwa na thamani kubwa pindi ubishi unapotokea miaka kadhaa baadaye.

Kibali si umiliki

Hili ndilo jambo ambalo wengi hulisoma haraka na kulisahau. Kibali humpa mwenye nyumba ruhusa ya kutumia sehemu ya hifadhi kwa kupita; hakimpi ardhi hiyo. Hawezi kuizungushia uzio, kuijengea kibanda cha mlinzi wala kuipangisha kwa muuza chipsi. Barabara itakapopanuliwa au mtaro utakapojengwa upya, njia hiyo huweza kuondolewa, na kwa kawaida mwenye kibali hutarajiwa kuipisha. Hivyo hakuna sababu ya kuijenga kwa marumaru.

Ruhusa hiyo pia huendana na wajibu. Kalavati la mbele ya nyumba huhitaji kusafishwa na anayelitumia, angalau kabla ya masika ya Machi hadi Mei na kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Saa mbili za kazi ya koleo huokoa fedha nyingi zaidi kuliko mfuko wowote wa saruji.

Matumizi yakibadilika, ombi jipya linahitajika. Nyumba iliyogeuzwa kuwa shule ya watoto wadogo, ghala au gereji huleta magari mengi na mazito zaidi kuliko yale ambayo kalavati lilikusudiwa kuyabeba. Kadhalika, anayenunua nyumba iliyo kando ya barabara asiishie kuuliza hati miliki. Aombe kuona kibali cha njia na kupima geti liko umbali gani kutoka katikati ya barabara. Njia isiyo na kibali ni deni ambalo muuzaji humwachia mnunuzi bila kulitaja.

Kiwanja kisichogusa barabara

Katika maeneo yasiyopimwa, tatizo huwa tofauti. Mtu amenunua kipande cha ardhi kilicho nyuma ya vingine, na gari lake halina pa kupita ila kwa jirani. Hapa kibali cha wakala hakitoshi, kwa kuwa kati ya nyumba na barabara ya umma kuna ardhi ya mtu mwingine.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua haki ya kupita katika ardhi ya jirani. Lakini makubaliano ya mdomo, hata yakifanywa mbele ya wazee wa mtaa, hudumu kadiri urafiki unavyodumu. Jirani akifariki au akiuza, warithi na wanunuzi hawana wanachokijua. Makubaliano yanafaa kuandikwa, yataje upana na urefu wa njia, yaambatanishwe na mchoro, yashuhudiwe, na pale ambapo ardhi imesajiliwa, haki hiyo nayo isajiliwe. Baada ya hapo ndipo ombi la kuunganisha njia na barabara ya umma hupelekwa kwa wakala, kwa jina la wote watakaoitumia.

Mpango huo una faida nyingine. Nyumba nne zinazotumia njia moja hukata mtaro mara moja badala ya mara nne, hugawana gharama za kalavati moja kubwa na imara, na huacha mahali pamoja tu ambapo magari hukutana na barabara.

Kwa mwenye kiwanja ambaye bado hajaanza kujenga, hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Ni kuchukua futi ya kupimia, kusimama katikati ya barabara wakati hakuna magari, au kando yake kwa msaada wa mtaalamu palipo na magari mengi, na kupima hadi mahali anapokusudia kuweka geti. Kipimo hicho, kikiandikwa katika mchoro na kupelekwa ofisini kabla ya tofali la kwanza la ukuta, ndicho kitakachoamua kama njia yake itadumu, au itasubiri siku ya kuwekewa X.